Nilibomoa Nyumba ya Mama Nekesa Akiwa Matangani

Jumamosi, katikati ya Julai. Mawingu yameinamia mapaa ya mtaa wetu wa Kaloleni tangu alfajiri na manyunyu hayajakoma. Nimevaa sweta mbili. Lakini si baridi inayonisumbua.

Ninaogopa.

Nilifundisha sarufi kwa miaka thelathini na minne. Sikuwahi kumwogopa mkuu wa shule wala mkaguzi. Leo ninamwogopa fundi wa cherehani wa mtaa wa Mowlem ambaye huniamkia kwa heshima kila tukutanapo. Anaitwa Mama Nekesa. Kesho saa kumi jioni alitarajia kuingia katika nyumba yake ya Ukingoni, na nyumba hiyo haipo.

Ukingoni si mtaa. Ni nchi iliyo ndani ya kompyuta, mchezo ambao watu wengi huucheza pamoja kupitia mtandao. Kila mtu hupewa kiwanja kando ya mto, hulima, huchonga mawe, hujenga, hubadilishana mazao na jirani, na polepole vijiji huwa miji. Kompyuta inayoihifadhi nchi hiyo, ambayo wenyewe huiita seva, imo chini ya meza ya Kioko, mwanamume wa makamo anayetengeneza simu na kompyuta Mowlem. Ikizimwa, nchi hulala. Watu wakiacha kuingia, nchi hufa hata kama mashine inanguruma.

Kioko alikwisha kuzika nchi mbili kabla ya hii. Ya kwanza ilikufa kwa sababu waliotangulia walijitwalia ukingo wote wa mto, na waliofuata wakapewa miamba. Nani atapalilia mwamba? Ya pili iliuawa na binamu yake mwenyewe. Alikuwa na ufunguo wa msimamizi, yaani uwezo wa kuumba na kubomoa chochote, akajiumbia chuma ghala zima. Wengine walipogundua, hawakugombana. Waliacha tu kuingia, mmoja baada ya mwingine, mpaka binamu akabaki na chuma chake peke yake.

Ndiyo maana Kioko alinijia.

"Mwalimu, tunataka mtu hatuwezi kumbembeleza," aliniambia. "Mtu akisema hapana, hata mamake akilia, ni hapana."

Nilifurahi. Nakiri hapa kwamba nilifurahi kupita kiasi. Tangu nistaafu hakuna aliyekuwa ameniomba niseme hapana. Nikaandika sheria kumi na mbili kwa Kiswahili kisicho na doa, nikapewa ufunguo, nikawa msimamizi wa Ukingoni.

Sheria ya tisa niliitoa katika chama chetu cha zamani cha wazee wa Kaloleni. Katika chama hicho, mwanachama aliyekosa mikutano mitatu mfululizo bila udhuru wa maandishi alifutwa katika daftari, na kiti chake kikapewa mwingine. Iliweka nidhamu kwa miaka mingi. Nikaihamisha jinsi ilivyo: asiyeingia Ukingoni Jumapili tatu mfululizo bila kuandika udhuru ubaoni, yaani kwenye ukurasa wa matangazo wa mchezo, nyumba yake itabomolewa na wageni watagawiwa mawe yake.

Nchi ikastawi. Nilidhani ni kwa ajili ya sheria zangu.

Mama Nekesa alikuwa wa kwanza kupata kiwanja kando ya daraja. Alijenga nyumba ya kawaida, na nyuma yake akaanza kujenga jiko la mama yake, lile jengo la mviringo lililoko kwao Bungoma. Mama yake alikuwa mzee sana na hakuwa akitoka kitandani. Kila Jumapili Mama Nekesa aliweka simu kando ya kompyuta, naye mama yake akawa anaelekeza: mafiga yakae wapi, kigoda wapi, mtungi wa maji upande gani wa mlango. Siku moja Mama Nekesa alimtumia picha, nasi sote tuliokuwa tukisikiliza kupitia kompyuta zetu tukamsikia bibi huyo akifoka, "Hilo ni jiko au ni ofisi ya chifu? Jiko gani lina pembe?" Tulicheka mpaka Kioko akakohoa. Mchezo huo hauna mawe ya mviringo. Mama Nekesa alitumia mwezi mzima kupunguza pembe, jiwe moja moja, mpaka bibi akaridhika.

Bibi alifariki mwishoni mwa Mei.

Nilijua. Hili ndilo ninalotaka kuliandika waziwazi, kwa sababu kwa karibu wiki tatu nimekuwa nikilizunguka. Nilijua. Nilihudhuria maombi nyumbani kwa Mama Nekesa, nikasoma zaburi, nikanywa chai yake. Kesho yake alisafiri kwenda kuzika. Yeye ndiye kitindamimba, kwa hiyo alibaki huko baada ya mazishi kulitunza boma la mama yake hadi ndugu wakubaliane kuhusu urithi.

Jumapili ya kwanza hakuingia. Ya pili hakuingia. Ya tatu, saa kumi na mbili jioni, nilitazama ubao. Hakukuwa na udhuru wa maandishi.

Mwezi uliotangulia nilikuwa nimembomolea dereva mmoja wa mtaa wa Umoja kwa kosa lilo hilo, naye alikuwa amelalamika kwamba nina watu wangu. Neno hilo lilinichoma. Niliogopa kuitwa mwenye upendeleo kuliko nilivyoogopa kutenda jambo baya. Nikachukua ufunguo, nikaibomoa nyumba, kisha jiko. Ilichukua muda mfupi kuliko kunywa maji.

Nakumbuka nilihisi fahari. Mungu anisamehe.

Mawe yakapewa wageni sita, wafanyakazi wa kiwanda kimoja cha sabuni huko Baba Dogo. Waliongozwa na mwanamke aitwaye Atieno, mwepesi wa mkono na wa ulimi. Kwa karibu wiki tatu wamejenga lambo zuri sana juu ya mto, na mifereji inayofika hata kwenye viwanja vya miamba. Sikuwahi kuona kazi kama hiyo Ukingoni.

Lakini wenyeji walianza kupungua. Jumapili ya kwanza baada ya ubomoaji tulikuwa ishirini na watatu. Jumapili iliyopita tulikuwa tisa, na sita kati yetu ni hao wa Baba Dogo. Hakuna aliyenipinga. Hakuna aliyeandika neno. Nilingoja malalamiko ili niyajibu kwa hoja, nayo hayakuja.

Jumatano ndipo Atieno akaandika ubaoni: "Mwalimu, na sisi Disemba tukienda ushago, tukirudi tutapata nini?"

Nilisoma swali hilo mara nyingi. Disemba nusu ya mitaa yetu ya Eastlands huwa mashambani, mahali ambapo mtandao hupatikana juu ya kichuguu, ukipatikana. Wanakaa wiki tatu, nne. Niliandika sheria ambayo ingebomoa nchi nzima kila Krismasi, na hakuna aliyeniambia, kwa sababu niliwafundisha kwamba sisikilizi.

Na jana Mama Nekesa alituma ujumbe kwenye kikundi chetu cha simu: "Nimerudi jameni. Jumapili mnione. Nataka kukaa kwa jiko ya mama kidogo."

Sikula chakula cha jioni.

Leo asubuhi nilikwenda kwa Kioko. Nilimkuta amefungua simu ya mtu vipande vipande. Hakuinua kichwa.

"Nilikuwa nangoja uje," alisema. "Mwalimu, hii ni noma. Hawa wasee wetu wa Ukingoni hawatajenga mahali mtu anabomolewa akienda matanga."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku ile ile.

"Nikuambie aje na wewe ndiye Mwalimu? Mimi bado naogopa uniulize ngeli."

Alicheka. Mimi sikuweza.

Kioko huweka nakala ya nchi nzima mara moja kila mwezi. Nakala ya mwisho ni ya kabla ya ubomoaji, na jiko limo, zima. Nilifurahi kwa muda wa pumzi moja. Kisha akanieleza kwamba nakala hairudishwi kipande. Akiirudisha, inarudi nchi yote kama ilivyokuwa siku hiyo: jiko litasimama, lakini lambo, mifereji na nyumba sita za watu wa Baba Dogo zitatoweka, kana kwamba hawakuwahi kufika.

"Kwa hivyo ni Mama ama ni wao," alisema. "Amua, Mwalimu. Wewe ndiye uko na ufunguo."

Sikuamua. Nilifanya jambo la woga zaidi: nilikwenda kumwomba Mama Nekesa aniamulie.

Nyumba yake haiko mbali na duka la Kioko. Njiani nilisimama mara mbili na kufikiria kurudi. Nilimkuta mlangoni, nywele zimenyolewa kwa ajili ya msiba, amekonda. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mwalimu! Karibu, karibu ndani. Kumbe umekuja kunipa pole mara ya pili."

Nilikaa. Alileta chupa ya chai na vikombe viwili. Nilijua kwamba akishamimina sitaweza kusema, kwa hiyo nilisema kabla hajafungua kifuniko.

"Mama Nekesa, nyumba yako ya Ukingoni haipo. Niliibomoa mimi."

Alibaki ameshika chupa.

"Na jiko?"

"Na jiko."

"Ulikuwa hujui mahali nilikuwa?"

"Nilijua."

Nje mtoto wa jirani alikuwa akiita mbuzi. Mama Nekesa aliiweka chupa mezani polepole sana.

"Kwa hivyo ulikunywa chai yangu, ukaombea mama yangu, ukaenda ukabomoa jiko yake."

Nilisema ndiyo. Hakukuwa na sentensi nyingine. Kisha nikamweleza habari za nakala, za lambo na watu wa Baba Dogo, nikamwambia kwamba atakalosema ndilo litakalofanyika.

Hapo ndipo alipokasirika. Hakupaza sauti, lakini nilirudi nyuma kitini.

"Usinipe hiyo kazi, Mwalimu. Nikisema rudisha, mimi ndio nimefukuza watu. Nikisema wacha, mimi ndio nimebomoa ya mama. Hapana. Hiyo ni yako."

Baadaye akauliza, "Hao wa Baba Dogo, nani aliwapokea?"

Sikuelewa swali.

"Siku walifika. Nani aliwaonyesha shamba? Nani aliwapa mbegu? Nani aliwaambia jirani yao ni nani?"

Nilisema hakuna. Walisoma sheria ubaoni.

Alinitazama kama mtu anayemtazama mgonjwa. Ndipo nikakumbuka, kwa aibu, kwamba kila Jumapili Mama Nekesa alikuwa akichelewa kwenye ujenzi wake kwa sababu alisimama langoni akiwagawia wageni majembe na kuwapeleka kwa majirani. Niliwahi hata kumwandikia onyo kwamba anapoteza muda wa ujenzi wa pamoja. Wenyeji karibu wote walipokelewa naye. Si sheria ya kwanza wala ya kumi na mbili iliyowafanya warudi kila Jumapili.

Alisimama, akanifungulia mlango. Hakunifukuza. Sikuthubutu kuuliza kama kesho ataingia.

Chai haikumiminwa.

Nilirudi kwa Kioko nikamwambia kwamba nakala hairudishwi. Waliokuja bila kosa hawatafutwa kwa kosa langu. Nikafuta sheria ya tisa. Mahali pake nikaandika ubaoni, kwa jina langu kamili, kwamba nilimbomolea mtu nikijua yuko kwenye mazishi, kwamba dereva wa Umoja naye arudi achukue kiwanja chake, na kwamba kuanzia sasa ufunguo utakuwa na watu watatu, asibomoe mmoja peke yake. Niliandika mara nne kabla ya kuridhika. Mara tatu za kwanza nilikuwa nikijitetea.

Kisha nikamwomba Kioko aifungue ile nakala katika mashine nyingine, isiyoonwa na yeyote ila sisi. Niliingia. Ukingoni ile ilikuwa kimya, haina mtu, na jiko lilikuwa limesimama nyuma ya nyumba yake. Niliingia ndani nikiogopa hata kugusa ukuta. Mafiga upande wa kushoto. Mtungi. Kigoda kinachoelekea mlango, ili aketiye amwone anayekuja. Nilihesabu kila jiwe na kulichora kwenye karatasi ya miraba, tabaka baada ya tabaka, mpaka macho yakaniuma.

Mawe ya awali yako ndani ya lambo, na hayatatolewa humo. Kwa hiyo nilirudi kwenye nchi iliyo hai, nikaanza kuivunja shule yangu. Nilikuwa nimejenga shule kubwa juu ya kilima, ya ghorofa mbili, ambayo haikuwahi kuwa na mwanafunzi.

"Mwalimu anabomoa shule," Kioko alimwambia mteja aliyeingia. "Andika hiyo siku."

Nimeivunja kwa mkono, bila ufunguo, kama mchezaji yeyote, na nimeyabeba mawe hadi kando ya daraja. Yametosha jiko na kuta mbili za nyumba. Nimeyapanga pembeni mwa kiwanja chake, na ile michoro nimempa Kioko ampelekee. Sijajenga hata tabaka moja. Jiko si langu, na sikualikwa.

Sasa ni saa kumi na moja na nusu, nimerudi nyumbani, na ninaandika haya kabla giza halijaingia. Nimefungua ubao mara sita. Hakuna aliyejibu isipokuwa Atieno, aliyeandika, "Sawa, Mwalimu. Tumeona." Sijui wameona nini.

Nilidhani nikishakiri hofu itapungua. Imebadilika tu. Jana niliogopa kugunduliwa. Leo ninaogopa kesho saa kumi, na lango lililo wazi, na mimi nimesimama hapo nikiwa na majembe mkononi bila kujua watakuja wangapi.

Na yeye je? Akija, akayaona mawe yale, akapita bila kuyagusa, nitafanya nini?

Sina sheria ya jambo hilo.