Shamba Lisiguswe

Kaka mpendwa,

Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na watoto. Sisi huku hatujambo. Goti la Baba linamsumbua asubuhi tu, na ukuta wa jikoni ulioloa tumeuegemeza kwa magogo. Mpaka sasa unasimama kwa adabu.

Uliponiuliza kwenye simu kuhusu fedha za maafa, niligeuza mazungumzo. Jambo lenyewe halielezeki kwa haraka, ndiyo maana naandika.

Unakumbuka mafuriko yaliposomba mahindi na pampu ya maji, serikali ilitangaza kwamba kila mkulima atalipwa kwa hasara itakayoonekana, hivyo shamba lisiguswe mpaka bwana shamba apite. Majirani waliacha matope yao kama yalivyo. Baba akaona udongo una unyevu, akapanda maharage wiki ileile. Bwana shamba alifika zaidi ya mwezi baadaye, akakuta kijani kitupu. Alisema kwa upole kwamba yeye huandika anachokiona, ila angerudi Ijumaa kwa wenye malalamiko. Halafu akamtazama Baba, akayatazama maharage, akakohoa. Jirani yetu fundi baiskeli alisema Baba ni mgonjwa wa kwanza kunyimwa dawa kwa kosa la kupona.

Ndipo uliponiagiza niyang'oe maharage kabla Baba hajaamka, ili Ijumaa bwana shamba aione hasara. Atanuna, ulisema, kisha ataiona pampu mpya na kunyamaza. Nilikubali. Alhamisi alfajiri nikabeba jembe. Baba nilimkuta shambani, amekaa juu ya ndoo, jembe lake mapajani.

"Kaka yako kanipigia na mimi," alisema. "Kasema nije nikusaidie, maana wewe una huruma."

Tulicheka mpaka goti likamuuma. Kisha akaniambia nianze mimi, kwani yeye tangu afike mkono umekataa. Nikasimama kwenye mstari wa kwanza, nikainua jembe. Maharage yalikuwa yameanza kutoa maua. Nikapalilia. Baba akashika mstari wa pili, na jua lilipochomoza vizuri tulikuwa tumefika katikati ya shamba.

Ijumaa bwana shamba alikuta shamba safi kuliko mwanzo. Aliuliza kama tuna malalamiko. Baba alinitazama mimi. Nikajibu kwamba hatuna.

Kwa hiyo, kaka, fedha haziji na pampu haipo. Baba akikwambia uamuzi ulikuwa wake, usimwamini; ananikinga. Maji ya kumwagilia tunateka kwa ndoo, kwa zamu, naye hakubali kwamba zamu yake inamshinda.

Wasalimie wote hapo nyumbani. Likizo yako ikifika, njoo na viatu vya shamba. Ndoo yako iko mlangoni.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye huruma.