Fundi wa King'amuzi

Jumapili, 6 Oktoba
Mwalimu Lengai alikuja baada ya ibada, kama kila Jumapili tangu Pasaka. Flashi mfukoni, filamu mpya ndani. Zetu ni zile zile: mjane na mgane, miaka hamsini na kitu, wanagombana, wanachekesha, wanapendana. Ya leo ilikuwa ya kutafsiriwa, na huyo mtafsiri ana maneno! Tulicheka hadi chai ikapoa.

Binti yangu Anneth akaingia bila kupiga simu. Ametoka Njiro kuniletea ndizi. Akamkuta mzee wa watu kwenye kochi la baba yake, viatu kavua. Akamwamkia, kisha akanitazama mimi.

"Ni fundi wa king'amuzi," nikasema.

Fundi! Lengai akainuka, akagusagusa nyaya. "Sasa itashika, mama," akasema. Akavaa viatu, akaondoka. Naona aibu hata kuandika.

Jumatatu, 7 Oktoba
Hapokei simu. Nimepiga mara nne.

Kwenye filamu watoto ndio huwasukuma wazazi — mama, mfuate! Wangu aliniapisha kaburini kwa baba yake, Elirehema, miaka sita sasa, nisimletee baba mwingine. Siku ile ningeapa lolote.

Alhamisi, 10 Oktoba
Nimekata tawi changa la sale kwenye uzio alioupanda marehemu. Jani la juu nimelifunga fundo, kama mama alivyonifundisha. Kwetu Marangu ukipelekewa sale umeombwa msamaha, na hukatai. Wala halisemewi neno. Nimempa jirani yangu Nancy, anauza nyanya Tengeru, karibu na kitalu cha Lengai.

Ijumaa, 11 Oktoba
Nancy anasema alilipokea, akashukuru. Akashukuru! Na simu kimya.

Jumamosi, 12 Oktoba
Nimekuja kitaluni mwenyewe. Nimemkuta anamwagilia miche. Sale langu lipo kwenye kopo la rangi, limepandwa, fundo limefunguliwa. Akasema asante kwa mche, jani lilikuwa limejikunja, amelinyoosha.

Mwarusha wa watu! Nilisahau kabisa. Kwao huombana radhi kwa kushika nyasi.

Basi ikabidi niseme kwa mdomo. "Mwalimu, ile Jumapili nilikukana" — machozi yakanitangulia. Akanisogezea kigoda. Nikamweleza maana ya fundo. Akachuchumaa, akaanza kulifunga upya, polepole, anakosea, ananiuliza jani lipite wapi. Nilimpenda sana dakika ile.

Simu ikaita. Anneth. Anauliza niko wapi.

"Sokoni," nikasema. "Nanunua nyanya."

Lengai akaacha fundo nusu, akachukua ndoo, akarudi kwenye miche. Alipofika kwenye lile kopo, akalimwagilia pia.

Bado nimekaa kwenye kigoda chake. Naandika nipate pa kutazama. Amebakiza mistari miwili ya miche, na hajaniambia niondoke.