Alama Niliyoikata kwa Tupa

Kibokoni, Mombasa

Dada yangu mpenzi Rahabu,

Nakusalimu kwa heshima inayokustahili wewe uliyenibeba mgongoni kabla sijajua kutembea, na kwa amani ya Mwokozi wetu. Natumaini goti lako la kushoto limepata nafuu, na kwamba baridi ya huko milimani haijakuzuia kwenda ibadani. Mimi mwilini sijambo. Macho ni yale yale: asubuhi huona, alasiri hubahatisha.

Uniwie radhi, tena radhi mara mbili. Barua yako ilinifikia kabla ya mvua, nami nimeiacha ndani ya Biblia wiki nyingi bila jibu. Ulipiga simu, sikushika. Si maradhi, dada, ni aibu. Na kwa kuwa simu yako hushikwa na wajukuu na kupazwa sauti hata jirani asikie, nimeona afadhali kalamu.

Unalikumbuka gari jeusi la marehemu Mzee Bakari, nililoliendesha na kulitunza miaka thelathini. Sasa ni la mjane wake, Bi. Zuhura, mwenye nyumba hii ninamoishi. Gari lenyewe ni kuukuu na hutoka siku za harusi tu. Mwaka jana, macho yaliponikataza usukani, kazi niliikabidhi kwa fundi Chengo, Mgiriama wa Kaloleni, baba wa watoto wanne, mtu wa maneno machache.

Injini ile haina taa ya kuonya. Hutegemea kijiti cha chuma kinachotumbukizwa ndani ili kuona oili imefika wapi. Alama za kiwandani zilifutika zamani, nami nikakata yangu kwa tupa. Sasa nisikilize kosa langu. Kichochoro chetu ni chembamba, na ili watu wapate kupita, gari lilikuwa likiegeshwa magurudumu ya kushoto yakiwa juu ya ukingo wa mawe. Likiinama hivyo, oili hukimbilia kulia, na kijiti, ambacho kiko kushoto, huonyesha pungufu kuliko iliyomo. Alama yangu niliikata papo hapo, gari likiwa limeinama. Ilikuwa sahihi mlangoni pa Mzee Bakari, na si mahali pengine popote. Chengo nilimwambia, "Jaza mpaka hapa, usipite." Habari ya kuinama sikumwambia. Sikumficha, kwa miaka ile yote nilikwisha kuacha kuiona.

Basi kichochoro kikachimbwa ili kutandaza mabomba, gari likapelekwa gereji moja ya Makupa, yenye sakafu ya saruji iliyo sawasawa. Chengo akamwaga oili ya zamani, akajaza mpya mpaka alama, akafunga. Siku ya tatu mjukuu wa Bi. Zuhura akaolewa, nami nikaketishwa mbele kwa heshima ya uzee. Tulipofika Kibarani injini ikaanza kugonga kama mtu apigaye mlango kwa jiwe, kisha ikafa. Malori yakatupigia honi. Bibi harusi akahamishiwa kwenye tuktuk, na somo wake aliyemfunda mambo ya ndoa, mwanamke asiyeishiwa maneno, akamwambia, "Ingia mwanangu, usilie. Mume akikupenda ndani ya hiki, atakupenda popote." Watu walicheka. Mimi sikuweza.

Kesho yake Swaleh, mwana mkubwa wa Bi. Zuhura, aliamuru oili imwagwe ipimwe. Injini ile hunywa lita nne na nusu. Zilitoka chini ya tatu, na chini ya gari hapakuwa na tone lililovuja. Akamgeukia Chengo mbele ya mafundi wote.

"Nyingine umeiuza wapi?"

"Nilijaza mpaka alama, bwana. Mzee Jeremia yupo hapa, muulize."

Wote wakanitazama. Dada, wakati ule nilikuwa nimekwisha kuiangalia sakafu ile, nikaelewa kila kitu: gari likisimama sawasawa, alama yangu hudai oili pungufu. Nikasema, "Mniwie radhi, macho yangu hayaoni vizuri." Ndilo jibu nililotoa, mimi niliyefundishwa na wamishonari kusema kweli hata mbele ya fimbo. Chengo akafukuzwa kwa jina la mwizi, na gereji nyingine za Makupa zikamfungia milango.

Siku kumi na tisa nilinyamaza. Niliogopa kukosa chumba hiki, ambamo marehemu mke wangu alifia. Niliogopa pia kuitwa mzee asiyejua kazi. Nilisali, lakini kila sala ilianza kwa kujitetea. Kisha adhuhuri moja Bi. Zuhura akaniletea sahani ya wali kama ada yake, akasema, "Mzee, wewe miaka yote hukutwaa hata msumari. Watu kama wewe hawako tena." Nikaisukuma sahani kando. Nikamwambia amwite Swaleh, na Chengo naye atafutwe.

Tulikutana gerejini. Nilipima lita nne na nusu mbele ya macho yao, nikazimimina, nikangoja zitulie, nikatumbukiza kijiti. Oili ilisimama juu ya alama yangu, upana wa vidole viwili. Nikaomba magurudumu ya kushoto yainuliwe juu ya mbao, urefu wa ukingo wa mawe ya kwetu. Nikapima tena. Oili ikashuka ikakaa kwenye alama barabara.

Swaleh alikitwaa kijiti, akaigusa alama kwa ukucha. "Mzee, jambo hili ulilijua tangu lini?"

"Tangu siku ile uliponiuliza."

"Mbona hukunena?"

 Swaleh akamwomba Chengo radhi papo hapo, mbele ya mafundi wale wale, akamrudishia kazi. Chengo alimshukuru, akaikataa. Kisha akaniambia polepole, "Mzee, siku kumi na tisa. Wanangu waliitwa wana wa mwizi shuleni. Ulikuwa ukilala?"

Nikamjibu kwamba nililala. Ndiyo kweli, nami sikutaka kumwongezea uongo.

Bi. Zuhura hakunifukuza. Sahani bado huja, ila sasa huletwa na mtumishi. Alama mpya nimeikata gari likiwa sawasawa, na ile ya zamani nimeifuta kwa tupa ile ile.

Nisalimie shemeji yangu mstaafu wa reli, binti yako mkunga, na mtunza kanisa anayepalilia kaburi la mke wangu. Waambie mimi ni mzima, mengine uyaweke moyoni mwako.

Barua hii ataileta Chengo mwenyewe. Amepata kazi kwenye lori la saruji liendalo huko kwenu Wundanyi, na nilipomwomba aichukue aliipokea bila kuniangalia. Hajanisamehe, wala sikumhimiza. Bahasha sikuifunga, kwa makusudi, ili akitaka asome njiani aone kama nimeeleza sawa. Mpe kiti, dada, na chai ya maziwa, na usimuulize kitu.

Ndugu yako mdogo, mwenye kukuomba radhi,
Jeremia