Lori la Babu Limesimama Sawa

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Sisi huku hatujambo. Mama yuko na kazi zake, babu anakula vizuri, na sisi wanafunzi tumefunga shule. Nimeamua kukuandikia kwa sababu kwenye simu unajua mwenyewe ninavyokuwa: nasema "nzuri, baba," halafu nampa mama. Safari hii "nzuri" haitoshi.

Ni habari ya lori. Najua baba mdogo alikwambia lori la jeshi la babu limekwisha, nawe ukamjibu basi liuzwe chuma chakavu, apate nafasi uani ya kutengenezea makochi yake. Sikulaumu. Ungeliona ungesema vilevile. Springi za mbele, yale mabamba ya chuma yaliyolaliana na kubeba uzito wa gari, zilikuwa zimechoka hadi zimenyooka, na ile ya kushoto mabamba yake mawili yalikuwa yamekatika, kwa hiyo lori lililala upande kama mtu aliyesinzia kwenye benchi. Baba mdogo kila asubuhi akipita alilipigapiga bodi na kulisalimu, "Pole, marehemu." Mnunuzi alikuwa aje mwisho wa likizo.

Babu hakubishana naye. Alisema tu kwamba lori likitoka getini lenyewe kabla ya siku hiyo, lisiuzwe. Lisipotoka, atafungua geti kwa mkono wake wakalikate. Kisha akaniita mimi. Mimi, baba, ambaye hata mnyororo wa baiskeli ukichomoka nilikuwa naikokota hadi nyumbani.

Injini haikuwa na shida, kwani babu hakuacha kuiwasha. Na springi mpya zilikuwepo, zile alizozifunga kwenye magunia na kuzilaza chini ya kitanda chake, ambazo bibi, Mungu amrehemu, alizilalamikia mpaka mwisho kwamba zinamgonga kidole cha mguu. Tulizivuta nje zikiwa zimegandiwa na grisi kuukuu. Babu alinipa kitabu cha matengenezo cha jeshi nimsomee kwa sauti, eti sauti yangu inahitaji mazoezi. Nilisoma nikiwa nimelala chini ya lori, na kwa mara ya kwanza nikawa nasoma kitu na kukiona juu ya pua yangu. Mama alikuja na doti lake la khanga kuukuu, akajifunga kibwebwe, akakanyaga bomba tulilochomeka kwenye spana mpaka nati zenye kutu zikaachia. Alisema hajawahi kufurahia kelele mbaya namna ile.

Sasa sikia nilichofanya. Springi hizi, baba, boliti inayobana mabamba ya kila moja haiko katikati kabisa. Upande mmoja ni mrefu kidogo. Babu alizipapasa, akachora alama ya chaki upande wa mbele wa kila moja. Nami, unanijua ninavyopenda vitu visafi, nikazisugua kwa mafuta ya taa hadi zikang'aa, chaki na yote. Tukafunga. Tulipolishusha lori kutoka kwenye jeki, tairi la kushoto lilikuwa limerudi nyuma, karibu liguse madigadi. Baba mdogo akasema marehemu amefufuka lakini anachechemea. Babu aliingiza vidole kati ya tairi na madigadi. Mbele viliingia vinne, nyuma kimoja kwa shida. Akaniuliza chaki iko wapi. Nikamwambia nimeifuta. Alicheka mpaka akakaa chini, akasema katika maisha yake yote ya ufundi ameona springi zikiharibiwa kwa nyundo, kwa moto na kwa ulevi, lakini kwa usafi, hii ya kwanza.

Tukafungua tena ile ya kushoto, tuliyoifunga nyuma mbele. Safari ile nilipima kwa rula yangu ya shule, nikageuza springi mwenyewe, nikakaza mwenyewe.

Siku ya kulitoa, mnunuzi alikuwa amekwisha fika na amekaa kwenye kochi moja la baba mdogo, anasubiri. Babu aliwasha injini, akashuka, akampa baba mdogo usukani. Baba mdogo akacheka, akamuuliza kama anaiogopa kazi yake mwenyewe.

"Siiogopi," babu akasema. "Siioni barabara."

Akaeleza kwamba macho yamekuwa yakififia tangu mwaka jana, kwamba kazi yote ameifanya kwa vidole, na palipohitaji macho kulikuwa na mimi. "Fundi ni huyu. Mimi nilikuwa msaidizi."

Baba mdogo akapanda, akashika usukani. Lori likatoka getini, likaenda hadi mwisho wa mtaa, likageuka, likarudi bila tairi kugusa madigadi. Aliposhuka alifuta kioo kwa mkono wa shati lake, kisha akamwambia mnunuzi pole kwa usumbufu. Jana alianza kushona kiti kipya cha dereva.

Baba, mimi nilijua. Nilijua tangu siku aliponisifu kwa kukaza nati ambayo bado ilikuwa mkononi mwangu. Sikumwambia mtu, hata mama, kwa sababu niliogopa mtamkataza kazi kabla haijaisha. Kama nimekosea, niseme mimi, usimseme yeye. Amekubali kwenda hospitali ya macho, ila kwa sharti kwamba aende kwa lori.

Jioni ile aliniuliza kama limesimama sawa. Nikamwambia sawa kabisa. Hakutosheka. Aliinama akapima kwa shubiri zake toka ardhini hadi ukingo wa madigadi, kushoto, kisha akazunguka akapima kulia. Alirudia mara mbili. Halafu akaniwekea mkono kichwani, na grisi yake yote.

Mama anakusalimu sana, na baba mdogo vilevile. Hilo doa jeusi hapo pembeni ni kidole cha babu. Alitaka kushika barua kabla sijaifunga. Nilikuwa nimeshachukua karatasi nyingine niinakili upya, akanizuia. Amesema hili nisilifute.

Ni mimi mwanao,
Fundi