Lori Nililoogopa Kulizima

S.L.P. 61,
Bunda, Mara.
9 Mei, 1976.

Mpendwa kaka Magige,

Pokea salamu za huku nyumbani, na naomba zikukute mzima wewe na wote walio chini ya paa lako. Baridi ya Mbeya imeshaanza? Shemeji Jeska kifua chake kimepoa? Na Lukas je, ameingia darasa la tatu au bado anawatoroka walimu? Sisi huku tunapumua. Mke wangu Justina alishikwa na homa wakati wa Pasaka lakini ameinuka. Mimi naumwa mgongo tu, na mgongo wa dereva haujawahi kuwa habari.

Mvua mwaka huu zimetuhurumia. Pamba imeanza kupasuka, na mtama unatosha kula hadi tuvune tena.

Dada yako Wankyo amejifungua mtoto wa kike, mama na mtoto wote salama. Amempa jina la mama yenu, Nyamburi. Nilipolisikia hilo jina nilitoka nje nikajifanya nakagua tairi. Kaka, hapo ndipo nilipojua kwamba siwezi tena kukaa bila kukuandikia haya.

Unakumbuka barua uliyoniletea mwanzoni mwa mwaka 1974, nilipokulalamikia habari za betri ya lori la ushirika? Ulinijibu kifundi kabisa. Ulisema kwa barabara zetu za mashimo na jua hili, betri ya lori uhai wake ni miaka miwili, ikijitahidi sana mitatu. Ulisema nikiona stata inazunguka kwa uvivu, taa zinafifia ninapowasha, maji yanakauka kila wiki, au ubavu wa betri umevimba, nisingoje. Tena ukasema ikitimiza miaka mitatu niitoe hata kama bado inawasha, kwa maana siku itakayokataa haitaniuliza nina safari gani.

Nilicheka. Yangu ilikuwa inaingia mwaka wa tano. Niliitunza kweli, kaka: vichwa vyake nilivisugua kwa maji ya moto, na maji ya kuongeza nilikinga ya mvua kwenye sufuria ambayo Justina alikatazwa kuigusa. Madereva wenzangu wa pale Nyakato wakanibandika jina la Bwana Betri. Kwenye mkutano wa chama, katibu alinisimamisha mbele za watu kwa kutunza mali ya umma, nikapigiwa makofi. Makofi yale yaliniharibu kichwa.

Mwezi wa nne stoo ya Musoma ikapata betri mpya tatu tu. Mtunza stoo, mzee Isidori, akaniita mimi wa kwanza. "Burito, ya kwako si imeshazeeka? Chukua hii, sijui nyingine zitakuja lini." Nikamwambia ampe dereva mwenzangu Danford, yangu bado ni kijana. Nikatoka pale kifua mbele, mpumbavu mimi.

Kufika Septemba betri ilikuwa imekufa, bado maziko tu. Ukizima, umezima. Nikawa naegesha kwenye miteremko ili lori likiteleza liwake lenyewe, na penye tambarare natafuta watu wa kusukuma. Sikumwambia mtu. Ningeanzia wapi, baada ya kupigiwa makofi?

Ndipo ikaja operesheni ya kuhamia vijijini. Lori letu likapangiwa kaya za kwetu, kule nyuma ya Butiama, kuzileta kijiji kipya cha huku karibu na barabara ya Bunda. Siku ya kuhamisha mji wa baba, yaani baba yako, baba yangu mkubwa, mvua ilikuwa imenyesha alfajiri. Uwanja ulikuwa tope, tena tambarare, na watu waliokuwepo ni wazee na akina mama. Nikaliacha lori linanguruma.

Tulipakia vinu, vitanda, milango, mitungi, hata kuku. Kisha baba akaja dirishani kwangu ameshika kibuyu kitupu.

"Burito, zima hilo gari kidogo. Wankyo amekwenda kukamua. Akileta maziwa nimpelekee mama yenu pale kwake, nimwambie tunakohamia."

"Baba, hili halizimiki."

"Mbona siku zote unalizimaga?"

Nikamwambia mafuta ni ya kupimiwa, nikamwambia wakubwa wananisubiri, nikamwambia yote isipokuwa lililo kweli. Wankyo alikuwa mbali, labda saa nzima. Nilimwona baba anatazama nyuma ya zizi, ambako mama yenu amelala kaburini tangu mwaka 1968. Nikapiga honi. Nilimpigia honi mzee aliyenilea! Kisha nikasema, "Panda baba, wiki ijayo nitakurudisha mwenyewe." Akapanda, akakaa kwenye gunia la mtama, na kibuyu chake mapajani.

Watu wa huku mpaka leo wanasema ni mgambo waliomharakisha. Si kweli, na sipendi wabebe mzigo wangu. Mgambo walikuwa wamekaa chini wanakunywa uji, na kiongozi wao ndiye aliyesema, "Mwacheni mzee amalize mambo yake." Mwenye haraka nilikuwa mimi peke yangu.

Sasa nikuambie lililo baya zaidi. Desemba ya mwaka ule ulipata barua ya baba, ikisema amehama vizuri na mama yenu amemuaga kama inavyopasa. Unajua baba hajui kuandika. Mwandiko ule ni wangu. Alikaa kwenye kigoda akaniambia, "Andika kwamba nilimuaga." Nikamtazama, yeye akatazama pembeni. Alikuwa ananisitiri ili wewe usinichukie. Nami badala ya kukataa niliandika upesi upesi, nikalamba bahasha, nikaipeleka posta. Nimeona aibu nyingi maishani, lakini ile ya kuandika uongo wa kuniokoa mimi, kwa mkono wangu mwenyewe, haijaniachia.

Betri mpya nilikuja kuipata Machi ya mwaka jana. Lori likawa linawaka kwa kugusa tu. Utadhani nilikwenda siku ileile kumchukua baba. Sikwenda. Kwanza ilikuwa mbegu, kisha msimu wa pamba, kisha nikawa na safari za Mwanza, na baba hakunikumbusha hata mara moja. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa kukaa naye peke yetu kwenye kabini.

Februari mwaka huu ndipo nikampeleka. Wankyo na mimba yake alitujazia kibuyu asubuhi. Tulipofika, nilizima lori, nikamwambia leo hata akitaka tulale hapo. Lakini kaka, hapakuwa na mji. Trekta limelima eneo zima, pamba imefika kiunoni, kuta zimeyeyuka, zizi halipo, na mawe ya kaburi yamesombwa pamoja na mawe mengine yakarundikwa mpakani. Baba aliingia kwenye mistari ya pamba, akaenda, akarudi, akaenda tena. Mara asimame, mara ainame aguse udongo. Kisha akanigeukia na kibuyu chake.

"Sasa nimwage wapi?"

Nilikuwa Mwanza najifunza udereva mlipomzika, na nyumba zikiondoka mimi sijui tena mashariki wala magharibi ya pale. Wankyo naye hawezi kupatambua. Stanislausi, uliyechimba naye kaburi, alifariki mwaka jana. Tulirudi na maziwa yetu.

Kwa hiyo nakuandikia, kwanza kukuomba msamaha, na sitakulaumu ukininyima. Pili, baba anasema kabla ya kuchimba ulipima hatua kutoka kwenye lile jabali la juu, usije ukazika penye mkondo wa maji. Jabali bado lipo, trekta lililizunguka. Nilitaka kukuomba uniandikie ni hatua ngapi na kwa upande gani, lakini wewe ni mrefu, hatua zako si zangu, na mimi nimeshakosea vya kutosha pale. Njoo mwenyewe, kaka. Omba likizo. Julai pamba itakuwa imevunwa na ardhi itaonekana. Septemba trekta linarudi.

Usidhani namharakisha mtu tena bila sababu. Baba amekonda. Miguu inavimba, na hatembei kupita mlango wa Wankyo. Kila asubuhi Justina humpelekea maziwa, naye huyarudisha vilevile kwenye kikombe. Anakula ugali, anakunywa maji. Maziwa hagusi tangu Februari. Justina alipomuuliza kama yameharibika, alimjibu, "Mazuri, mama. Ila mwenyewe hajanywa bado."

Msalimie sana shemeji Jeska na Lukas. Wankyo, Justina na mtoto Nyamburi wanawasalimu. Danford naye anakusalimu, na betri ile ameshaibadilisha. Baba anakusalimu pia, ila hajui nimekuandikia haya. Mungu akufungulie njia mpaka huku.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na niliyekukosea,

Burito