Mahindi Yaliyoziba Malka

Jumatatu, 7 Septemba 1998
Pampu imegoma tena. Nimevuta kamba mpaka kiganja kimechubuka. Imewaka saa nne. Mahindi yamenifika kifuani. Kundi letu la vijana lina watu kumi na wawili. Leo tumekuja watano. Ijumaa ya wiki ijayo anakuja mwenye kiwanda cha Mombasa, anayelipia mafunzo yetu ya uongozi na aliyetupa pampu hii. Akiridhika na shamba, mwenyekiti anapelekwa kwake mwaka mzima kufunzwa kazi ya ofisi. Mwenyekiti ni mimi. Nataka kwenda. Mbele za watu najidai sijali.

Jumatano, 9 Septemba
Bango limeletwa. "Vijana, Uongozi na Wajibu kwa Jamii." Jina la kiwanda ni kubwa kuliko letu. Sharti lilikuwa sisi Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji tufanye kazi pamoja. Bonaya, katibu wetu, ndiye Muorma pekee aliyebaki, na tangu kabla ya kupanda yuko bara na ng'ombe wa baba yake. Jina lake lipo kwenye karatasi, mwenyewe hayupo.

Ijumaa, 11 Septemba
Bonaya karudi. Amekonda. Akasimama pembeni mwa shamba, akaniambia: "Mwenyekiti, hapa malka."
Malka, njia ya ng'ombe kushuka mtoni kunywa, katikati ya mashamba. Haizibwi, hata watu wakiwa na ugomvi. Nikamwambia malka iko kule chini, penye mkuyu.
"Mkuyu ilienda na mafuriko. Ilikuwa hapa."
Ng'ombe wao watafika Jumanne. Nimemkasirikia kama vile yeye ndiye aliyepanda. Lakini kweli, sikumwuliza mfugaji hata mmoja. Nilimwuliza baba tu.

Jumamosi, 12 Septemba
Baba ndiye aliyenionyesha mahali pa kulima. Pamepakana na shamba lake. Nimemkuta anasuka mgono wa kutegea samaki, hakuinua macho. "Maji yamefuta, mwanangu. Kilichofutwa si cha mtu."
Alijua! Nimeondoka bila kumaliza uji.

Jumapili, 13 Septemba
Kanisani sikusikia neno. Ng'ombe Jumanne, mgeni Ijumaa. Wangechelewa siku tatu tu, ningekwenda Mombasa. Nimemwomba Bonaya awapeleke malka nyingine, mpaka mgeni aondoke.
"Mbali. Ndama itakufa njiani."
Hakunilaumu. Afadhali angenitukana. Naona aibu hata kuandika kwamba niliomba.

Jumatatu, 14 Septemba
Nimeita kundi. Wengi wanataka tusubiri Ijumaa. Mmoja kasema nimehongwa maziwa. Maneno yakanichosha. Nikashika panga, nikaanza mstari wa kwanza. Mahindi mabichi yana sauti mbaya yakikatwa. Bonaya akaja ubavuni. Akapima kwa hatua, upana wa kutosha kundi la ng'ombe linaloshuka lipishane na linalopanda. Kufika adhuhuri tulikuwa saba. Baba hakuja.

Jumanne, 15 Septemba
Wamefika. Vumbi kutwa. Wamekunywa, wamepanda, wengine wakashuka. Mabua tuliyokata yameliwa yote. Mbavu za wale ng'ombe! Nina hasira bado, sijui na nani.

Ijumaa, 18 Septemba
Mgeni kaja, hakukaa hata nusu saa. Aliuliza shamba liko wapi. Nikamwonyesha mistari minne upande huu, mitatu upande ule, samadi katikati. Nikaeleza malka. Aliitikia kwa kichwa, kwa adabu, akapiga picha ya pampu. Mombasa atakwenda mwenyekiti wa kundi jingine, la Hola. Bango tumelisogeza, lilikuwa njiani.
Nimelia kidogo nyuma ya mashine.
Jioni nimemwona baba na Bonaya ukingoni. Bonaya anaonyesha kwa fimbo, baba anachimba. Wamechomeka tawi la mkuyu pale ulipokuwa ule wa zamani, liwe alama ya malka. Nimeshuka mtoni na ndoo, nikalimwagilia.