Nimeipokea kwa Dada

Kariakoo, 5 Mei 1934

Dada Fakhriya,

Nashika miguu. Huku mvua imezidi, Jangwani hakupitiki, na mama anakohoa kidogo tu.

Ile riwaya ya Kiingereza uliyonieleza ulipokuja Idi, tumeiandikia insha. Mwalimu alitaka tutaje kila wazo tumelitoa wapi. Nami, kwa mazoea ya chuo cha Kurani, nikataja kama tunavyotaja wapokezi wa hadithi za Mtume: “Nimeipokea kwa dada yangu Fakhriya binti Suud, aliyekisoma kitabu mwenyewe.” Mwalimu alifurahi, akalisomea darasa zima maneno yako niliyoyanukuu: “Mwanamke huyu hakumkimbia mumewe; aliukimbia mlango uliofungwa.”

Mbaruk, mdogo wa mumeo, hukaa nyuma yangu. Akaninong’oneza, “Kumbe shemeji anasoma Kiingereza? Kaka anajua?”



Leo anapanda meli kuja huko Unguja. Shangazi Mwanamize anasafiri kwa meli hiyohiyo, na barua hii ataificha kifuani. Vitoe vitabu nyumbani kabla Mbaruk hajafungua kinywa.

Na niambie kweli, dada: siku ile ulikuwa unanifundisha riwaya, au ulikuwa unaniaga?

Nduguyo ambaye kalamu yake imekuponza,
Ubeid